Kuizoea Sauti ya Piano Mpya Nyumbani



Katika nyumba nyingi za Wakristo wa nchi yetu kinanda si kitu kigeni. Wazee wetu walikijua kinanda cha mivukuto, kile cha kukanyagwa kwa miguu, nacho kimewaimbisha watu kanisani na shuleni tangu siku za babu zetu. Lakini piano, yaani kinanda kikubwa cha nyuzi na nyundo, haijaingia katika nyumba nyingi. Siku hizi wako walimu na wafanyakazi wengine ambao, kwa kuweka akiba miaka mingi, hupata kununua piano ili watoto wao wajifunze. Nao wakiisha kuifikisha nyumbani hushangaa, maana sauti iliyowapendeza dukani siyo hiyo waisikiayo sebuleni. Huona sauti ni kali, au ni kubwa mno, au haipatani na nyimbo walizozizoea. Wengine hudhani wamepunjwa. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika habari hii, ili nyumba isipoteze mali yake wala amani yake kwa ajili ya jambo lenye dawa.

Kwanza tutasimulia yaliyoipata nyumba moja. Kisha tutaeleza asili ya chombo hiki na namna kifanyavyo kazi. Mwisho tutayataja mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Iko nyumba ya mwalimu mwenzetu hapa Ugogo, si mbali na Dodoma. Wamo mwalimu na mkewe, binti yao mwenye umri wa miaka 14, wadogo zake wawili, na mama yake mwalimu, ambaye sote twamwita Bibi. Marehemu mumewe Bibi alikuwa mpiga kinanda wa kanisa, naye aliacha nyumbani kinanda chake cha mivukuto. Ni desturi ya nyumba hiyo kuimba kila jioni baada ya chakula. Binti alijifunza kwa kinanda cha babu yake tangu siku ambazo miguu yake ilikuwa haijafika chini, na mdogo wake alikaa sakafuni akimkanyagia mivukuto kwa mikono.

Mwaka jana, mwezi wa Julai, mwalimu aliuza ng'ombe wawili, akaongeza akiba ya miaka sita, na mkewe akatoa fedha alizopata kwa kushona nguo za watu usiku. Wakanunua piano ya kusimama huko Dar es Salaam, ikaletwa kwa lori. Majirani wanane waliishusha, maana piano ya namna hiyo huwa na uzito upatao kilo 200 na zaidi. Jioni ile nyumba ilijaa watu. Binti akaketi, akapiga wimbo anaoujua tangu utoto wake. Kabla hajafika mwisho wa ubeti wa pili, Bibi aliziba masikio kwa khanga yake, akasema, "Mjukuu wangu, hiki ni kinanda au ni mvua ya mawe juu ya bati?"

Watoto walicheka, lakini Bibi hakucheka. Siku zilizofuata alikula chakula chake jikoni, akaenda kulala mapema. Wimbo wa jioni ukakosa sauti yake. Binti alipoona ya kuwa mchezo wake ndio uliomwondoa bibi yake sebuleni, alifunga kifuniko cha piano, asikiguse muda wa siku tisa. Mwalimu akaanza kuuliza kama muuzaji atakubali kuirudisha, hata kwa hasara. Mkewe alikasirika aliposikia hayo, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameumia kwa ajili ya fedha ile. Ndipo nyumba iliyokuwa ikiimba pamoja ikawa nyumba ya watu wanyamaziao. Nasi tukaitwa tutoe shauri.

Kabla hatujasimulia yaliyofuata, yafaa msomaji aijue piano ni kitu gani.

ASILI YA PIANO

Piano ya kwanza ilitengenezwa Italia na fundi Bartolomeo Cristofori, mzaliwa wa Padua, aliyekuwa akifanya kazi mjini Florence kwa Ferdinando de' Medici, mwana wa mtawala wa Toscana. Orodha ya vinanda vya jamaa hiyo iliyoandikwa mwaka 1700 yakitaja chombo hicho kipya. Vinanda vingi vya nyuzi vya siku zile vilidonoa nyuzi kwa vipande vya manyoya ya ndege. Mpigaji akibonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti haikubadilika sana. Cristofori aliondoa vidonozi, akaweka nyundo ndogo ambazo hurushwa na kidole cha mpigaji. Ukibonyeza kwa upole, nyundo huenda polepole na sauti huwa ndogo. Ukibonyeza kwa nguvu, sauti huwa kubwa. Jina la piano latokana na maneno mawili ya Kiitaliano, piano na forte, maana yake upole na nguvu. Piano tatu alizozifanya Cristofori zingali ziko: ya mwaka 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma, na ya 1726 iko Leipzig.

Msomaji asidhani ya kuwa dunia iliipenda piano mara moja. Huko Ujerumani fundi Gottfried Silbermann alitengeneza piano kwa kufuata kazi ya Cristofori, akamwonyesha Johann Sebastian Bach, bingwa wa vinanda wa wakati ule. Mwanafunzi wake Bach, Johann Friedrich Agricola, ameandika habari hiyo. Bach aliisifu sauti yake, lakini alisema ya kuwa sauti za juu ni dhaifu mno, tena ni nzito kupigwa. Silbermann alichukizwa sana. Hata hivyo alijua moyoni ya kuwa Bach hakukosa, naye akafanya kazi miaka mingi kuitengeneza upya, mpaka Bach akaikubali. Mwaka 1747 Bach alizipiga piano za Silbermann mbele ya mfalme Friedrich huko Potsdam, na mwaka 1749 yeye mwenyewe alisaidia kuuza mojawapo. Lakini hata mwaka 1774 Voltaire, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, aliandika katika barua akiifananisha piano na kazi ya fundi wa masufuria.

Twaona hapa mafundisho mawili. La kwanza, sikio lililozoea chombo kimoja hupata taabu kupokea kingine, hata likiwa sikio la bingwa. La pili, Bach hakusema, "Nizoee tu," wala Silbermann hakusema, "Masikio yako ni mabovu." Mmoja alitaja kasoro wazi, na mwingine akairekebisha. Mazoea na matengenezo vilikwenda pamoja, na ndivyo ipasavyo katika kila nyumba.

NAMNA PIANO IFANYAVYO KAZI

Piano ya leo ina vibao 88 vya kupigia, vyeupe 52 na vyeusi 36. Ndani yake mna nyuzi za chuma zipatazo 220 au zaidi, maana sauti za chini zina uzi mmoja mmoja, zinazofuata zina nyuzi mbili mbili, na zile za katikati na za juu zina nyuzi tatu tatu zinazopigwa pamoja. Nyuzi hizo zimekazwa sana. Nguvu yao yote pamoja hufika karibu tani 18 au 20, kama uzito wa tembo watatu wakubwa. Kwa sababu hiyo nyuzi hushikwa na kiunzi cha chuma kizima kilichosubuliwa. Alpheus Babcock wa Boston ndiye aliyepata hati ya kiunzi cha namna hiyo mwaka 1825. Mwaka uliofuata Henri Pape wa Paris alianza kuzivika nyundo manyoya yaliyoshindiliwa, badala ya ngozi.

Nyuzi peke yake hazina sauti kubwa. Mtikisiko wake huingia katika ubao mpana mwembamba ulio nyuma yake, uliotengenezwa kwa mti uitwao sprusi, wa jamii ya misonobari. Ubao huu, ambao tutauita ubao wa mvumo, ndio unaoitikisa hewa ya chumba. Katika piano ya kusimama ubao huo uko mgongoni, basi sauti nyingi hutokea nyuma kuelekea ukutani.

Sasa linganisheni na kinanda cha mivukuto. Kinanda hicho, ambacho Alexandre Debain alikipatia hati huko Paris miaka ya 1840, hakina nyuzi hata moja. Kina ndimi nyembamba za shaba, na pumzi ya mivukuto ikipita huzitikisa. Sauti huanza taratibu, nayo hudumu sawasawa maadamu kidole kimebonyeza na miguu yakanyaga. Wamishonari wengi walikichukua kwa sababu ni chepesi, na ndimi za shaba hazisumbuliwi sana na joto wala unyevu. Lakini piano hupigwa kwa nyundo: sauti huanza ghafula, kisha hufifia yenyewe, ijapokuwa kidole kingali kimebonyeza. Mtu aliyezoea sauti inayodumu huona sauti ya piano yamkimbia. Naye hufanya nini? Hupiga kwa nguvu zaidi ili idumu. Lakini nguvu haiidumishi sana. Humzidishia makelele tu.

Tulipomtazama yule binti akipiga, tuliona jambo hilo wazi. Mikono yake ilikuwa mikono ya kinanda cha babu. Aliviegemea vibao kwa uzito wote, akangoja sauti ikae, na ilipofifia akagonga tena. Tulimwambia, "Binti yetu, babu yako alikufundisha kushika sauti. Sasa jifunze kuiacha." Tukamwonyesha kikanyagio cha kuume, ambacho huinua vizuizi vya manyoya juu ya nyuzi ili sauti iendelee kuvuma baada ya kidole kutoka, na tukamwagiza akiachilie kila sauti za wimbo zibadilikapo, zisichanganyike. Tulimwagiza pia apige wimbo mmoja kwa sauti ndogo kabisa iwezekanavyo, kila siku, muda wa wiki moja. Mambo haya si mepesi; lakini yeye ni mtoto wa kazi.

KWA NINI SAUTI YA DUKANI SI SAUTI YA NYUMBANI

Mwalimu aliuliza, "Dukani nilisikia sauti tamu. Je, hawakunibadilishia?" Hapana. Piano ni ileile, lakini chumba si kilekile. Ukumbi wa duka ni mkubwa, una mazulia na samani na piano nyingine nyingi, nao hunywa sauti. Sebule yake ni ndogo, ina kuta za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, na juu ni bati tupu bila dari. Vitu vigumu kama hivyo havinywi sauti, huirudisha. Sauti moja hulifikia sikio mara ya kwanza kutoka katika piano, kisha mara nyingi kutoka ukutani na batini, hasa zile sauti kali za juu.

Kila msomaji aweza kukijaribu chumba chake bila chombo chochote. Simama katikati, piga kofi moja, sikiliza. Ukisikia mlio unaofuata kama chuma, chumba chako ni kikali. Basi tulipiga kofi sebuleni mwa mwalimu, hata watoto wakasema, "Kofi limejibu!" Mkewe akaleta mikeka mikubwa miwili na zulia moja, akashona mapazia mazito ya madirisha mawili. Tukaiondoa piano katika ukuta wa nje, ambao jua la mchana huupiga, tukaiweka kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mlango wa jikoni. Nyuma yake tukaning'iniza blanketi la zamani. Vitabu vya mwalimu, vilivyokuwa sandukuni, vikapangwa katika rafu ya upande wa pili. Tukapiga kofi tena, na safari hii halikujibu. Kazi hiyo yote ilichukua siku tatu, wala haikugharimu fedha ila za kitambaa.

HEWA KAVU NA HEWA YA UNYEVU

Sababu nyingine iko katika hewa. Mti hunywa unyevu na kuutoa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, ubao wa mvumo huvimba na kuzisukuma nyuzi, zikakazika na sauti ikapanda. Hewa ikikauka, ubao hupungua, nyuzi hulegea, sauti ikashuka. Tena hazipandi wala hazishuki zote kwa kadiri moja. Kwa hiyo sauti hazipatani. Mafundi husema ya kuwa piano hupenda unyevu wa hewa wa kadiri ya 40 hata 50 kwa mia, usiobadilika sana. Hewa ya Dar es Salaam iliyo karibu na bahari ina unyevu mwingi kuliko huo, na hapa Dodoma mvua ni za Desemba hata Aprili tu, miezi inayobaki ni ukavu. Piano iliyozoea hewa ya pwani ililetwa bara mwezi wa Julai, katikati ya ukavu. Si ajabu ikalalamika.

Kwa sababu hiyo haifai kumwita fundi siku ileile piano ifikapo. Iache ikae wiki mbili hata nne katika chumba chake, ndipo nyuzi zirekebishwe. Nyuzi mpya pia huendelea kutanuka, basi piano mpya huhitaji kurekebishwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, pengine mara nne, kisha mara mbili kwa mwaka. Mwenye kununua na aitie gharama hii katika hesabu yake tangu mwanzo, pamoja na nauli ya fundi, maana mafundi wa kazi hii si wengi nchini. Mtu asijaribu kukaza nyuzi mwenyewe kwa koleo. Uzi uliokazwa vile ukikatika waweza kumjeruhi, na vigingi vyake vikilegea katika mti, hasara yake ni kubwa.

Fundi alipofika baada ya wiki ya nne, alifanya mambo mawili. Kwanza alizirekebisha nyuzi zote kwa kipimo cha 440, yaani sauti iitwayo A, iliyo juu ya C ya katikati, itikisike mara 440 kwa sekunde. Kipimo hicho kilikubaliwa katika mkutano wa mataifa uliofanyika London mwaka 1939. Pili alizichoma kwa sindano nyundo chache zilizokuwa ngumu, ili manyoya yake yalegee na sauti yake ipungue ukali. Kazi hiyo ni ya fundi tu, maana manyoya yakiharibika hayarudi.

Kisha akakisikiliza kinanda cha marehemu, akakuta sauti zake ziko chini ya zile za piano kwa kadiri ya sehemu moja katika tano ya nusu-sauti. Hilo lina sababu yake. Vinanda vingi vya zamani vilifuata kipimo kingine. Ufaransa iliweka kwa sheria mwaka 1859 kipimo cha 435. Tofauti ni ndogo, lakini sikio lililoimba miaka 50 kwa kinanda kimoja hujua. Bibi alikuwa amesema, "Wimbo huu umepandishwa mahali pasipo pake," na watu walidhani ni maneno ya uzee. Kumbe sikio lake lilisema kweli.

SIKIO LA MZEE NA MOYO WAKE

Hapa twapenda kusema na vijana. Masikio ya wazee hupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu. Lakini mzee huyo asiyesikia neno lililonong'onwa aweza kuumizwa na sauti kubwa upesi kuliko kijana. Kwake, njia kutoka "sisikii" mpaka "yaniumiza" ni fupi. Kwa hiyo mzee akisema kinanda chamwumiza, msimwambie atazoea. Msogezeni mbali na piano, punguzeni nguvu, tumieni kikanyagio cha katikati, ambacho katika piano nyingi za kusimama hushusha kitambaa kati ya nyundo na nyuzi. Nao wenye piano ya umeme wana njia nyepesi zaidi, maana huipunguza sauti kwa kitufe.

Yako mazoea mema na mazoea mabaya. Sikio huzoea upya wa sauti, yaani rangi yake na tabia yake, baada ya wiki kadhaa, na hilo ni jema. Lakini haifai sikio lizoezwe kuvumilia sauti inayoliumiza. Mtoto akitoka katika mazoezi akisema masikio yanalia, hiyo si dalili ya kuzoea. Ni dalili ya kudhurika. Apumzike, na chumba kitazamwe upya.

Hata baada ya mikeka na mapazia na fundi, Bibi hakurudi sebuleni. Ndipo tukaenda kuketi naye jikoni, tukamwuliza, "Mama, sauti hii yakuumiza sikio, au yakuumiza moyo?" Alinyamaza kitambo, akipepeta mchele. Kisha akasema, "Sikio litapona. Lakini marehemu mmemtia stoo."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku piano ilipofika, kinanda cha mzee kiliondolewa mahali pake kikawekwa stoo, katikati ya magunia ya mtama, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Hakuna aliyekusudia ubaya, hakuna aliyemwuliza. Mwalimu aliposikia neno hilo hakujibu. Alitoka, akamwita mwanawe mdogo, nao wawili wakakitoa kinanda, wakakifuta vumbi, wakakiweka sebuleni kwenye ukuta wa pili, mkabala wa piano. Mivukuto ilikuwa imepasuka mahali pamoja. Fundi viatu wa sokoni aliishona kwa ngozi laini.

Sasa nyumba hiyo ina utaratibu wake. Binti hufanya mazoezi ya piano saa kumi alasiri, Bibi akiwa bustanini. Wimbo wa jioni hupigwa kwa piano, kwa upole, Bibi akiketi karibu na mlango. Jumapili hupigwa kinanda cha babu, wala havipigwi viwili pamoja, kwa kuwa vipimo vyake havipatani. Mvua za Desemba zilipokuja sauti ya piano ilipanda tena kidogo, kama fundi alivyotabiri, na hakuna aliyefadhaika. Tusiseme zaidi ya kweli: Bibi haipendi piano kama akipendavyo kinanda chake. Siku moja tulimwuliza aionaje sasa. Alijibu, "Mgeni ana adabu siku hizi." Na mjukuu wake akainama asionekane anavyofurahi.

MASHAURI KWA KILA NYUMBA

Kwa kufupisha, twawapa wasomaji mashauri haya.

La kwanza, kabla hamjanunua, pigeni kofi katika chumba mtakachoiweka, na kukipima mahali pake. Semeni pamoja nyumbani nini kitahamishwa, na mwenye kitu hicho aulizwe.

La pili, iwekeni piano mbali na jua, dirisha, mvuke wa jikoni na ukuta wa nje. Itazameni mara kwa mara kwa ajili ya mchwa, panya na nondo, maana mti na manyoya ni chakula chao. Msiweke juu yake chombo cha maji wala chungu cha maua.

La tatu, ngojeni wiki chache kabla ya kumwita fundi, na kabla ya kuhukumu. Andikeni kila wiki katika daftari sauti zipi zinawasumbua, za juu au za chini, na saa gani. Fundi akija mtampa maneno yenye faida, siyo "ni mbaya" tu.

La nne, mpigaji ajifunze upole kwanza. Jina la chombo chenyewe laanza na upole, na nguvu hufuata.

La tano, wekeni saa za mazoezi, na majirani wazijue, hasa mwenye mtoto mchanga au mgonjwa.

La sita, msikilizeni asiyependa. Pengine sikio lake limegundua kasoro ambayo ninyi hamkuisikia. Pengine analo neno jingine ambalo piano imelifunika.

Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Piano ni mgeni wa namna hiyo. Usimfukuze siku ya kwanza kwa sababu lafudhi yake ni ngeni, wala usimwachie nyumba yote akawaondoa wenyeji. Mpe mahali panapomfaa, mpe kazi kidogo kila siku, mrekebishe anapokosa, naye atakuwa mtu wa nyumbani. Na kama kuna mzee nyumbani mwenu ambaye sauti yake haisikiki tena katika wimbo wa jioni, nendeni mkaketi naye leo kabla ya chakula, mkamwulize.